Jinsi ya Kutengeneza Fuawe ya Mhunzi kwa Chuma Chakavu: Mwongozo Kamili

Anayeanza uhunzi kwa kawaida huokota kipande cha reli, hukilaza juu ya gogo na kuanza kugonga. Baada ya saa moja mkono umechoka, masikio yanavuma, na chuma kilichotoka motoni kimesogea kidogo sana. Wengi hudhani wamekosa nguvu au nyundo nzito, kumbe kinachowaangusha ni fuawe, yaani kile wanachofulia chuma juu yake.

Fuawe ina kazi moja, nayo ni kukataa kusogea. Ikisogea, ikipinda au ikitetemeka, sehemu ya pigo inaishia humo na chuma chako hakipati kitu. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye yadi ya chuma chakavu liwe hili: chini kabisa ya pale nyundo itakapotua, kuna chuma kinene kiasi gani kinachoshuka moja kwa moja hadi kwenye kitako? Pembe, mkia na matundu ya fuawe za Ulaya ni vikorombwezo. Wahunzi wa Kiafrika, Wapare wakiwemo, walifua majembe na mikuki juu ya jiwe au kipande kidogo cha chuma bila hata kimoja kati ya hivyo.

Mwongozo huu unajenga fuawe ya kusimama: kipande cha shafti nene kilichosimamishwa wima ndani ya sanduku la mchanga. Ni muundo unaohitaji kuchomelea kidogo au kutochomelea kabisa, na kwa uzito uleule unapiga vizuri kuliko reli iliyolazwa.

Kuchagua chuma

Lenga uzito usiopungua mara 20 ya nyundo yako; mara 50 ni bora zaidi. Kwa nyundo ya kilo 1, fuawe ya kilo 20 itafanya kazi na ya kilo 50 itakufurahisha. Si lazima ubebe mzani. Shafti ya kipenyo cha sentimita 10 ina karibu kilo 62 kwa mita, ya sentimita 12 karibu kilo 89, ya sentimita 15 karibu kilo 139. Tunayoipendekeza ni ya sentimita 12 yenye urefu wa sentimita 60, ambayo ni kilo 53 hivi. Ukipata ya sentimita 10 kwa urefu huohuo utakuwa na kilo 37, na hiyo pia ni fuawe halali.

Shafti za unene huu hutoka kwenye mitambo ya viwanda vya sukari na mkonge, mashine za kuvunja kokoto, na pini za ndoo za ekskaveta. Fimbo za haidroliki za mitambo mikubwa nazo ni chuma kizuri, ila zina ngozi ya kromu. Usiipashe moto ngozi hiyo wala kuchomelea juu yake, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Iondoe kwanza kwenye mashine ya kukereza. Na usikate kamwe silinda ya haidroliki au shokamzoba iliyofungwa pande zote. Mafuta na gesi vilivyobaki ndani vinaweza kulipuka ukiwa umeinama juu yake.

Nenda yadi na sumaku, tupa mpya, gololi kubwa ya beringi na, wakikuruhusu, grinda ndogo. Anza na sumaku. Chuma kisichovutwa na sumaku kwenye yadi ya mitambo mara nyingi ni cha pua (kisichoshika kutu) au cha manganizi, kama taya za mashine ya kuvunja kokoto. Cha manganizi ni kigumu kuchosha, lakini kikiwa kipya hubonyea na kutanuka kingoni kabla hakijakomaa kwa kupigwa, na ni kazi ya mateso kukisawazisha. Kiache.

Kisha grinda. Chuma laini cha nondo na mabamba ya ujenzi hutoa cheche ndefu zisizopasuka sana. Chenye kaboni ya wastani hadi nyingi, ambacho ndicho unachokitaka, hutoa cheche zinazopasuka kuwa nyota nyinginyingi. Cheche fupi, nyekundu, zinazofia karibu na diski ni za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Usinunue cha kusubu hata kikiwa kizito namna gani, kwa kuwa kinameguka na vipande vyake huruka. Ukitoboa kidogo, chuma cha kusubu hutoa unga, ilhali chuma chema hutoa nyuzi zilizojikunja.

Tupa inakuambia ugumu. Ikila kwa urahisi, uso ni laini. Ikila kwa shida, umefika mahali pazuri. Ikiteleza bila kuuma, uso umekomazwa sana, yaani umefanywa mgumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Mwisho gololi: ichukue ya kipenyo cha milimita 25 hivi na uiachie kutoka sentimita 25 juu ya uso uliosafishwa. Kwenye fuawe iliyokamilika, ikirudi juu zaidi ya sentimita 15 una kitu cha kazi, na ikirudi zaidi ya 20 una kitu bora. Kwa kipande kilicholala chini kwenye matope kipimo hiki hudanganya, kwa sababu ardhi inameza sehemu ya pigo. Rudia nyumbani.

Kuhusu reli

Reli ni chuma kizuri, lakini ina mwenyewe. Nchini Kenya biashara ya chuma chakavu inasimamiwa na sheria ya mwaka 2015 inayotaka leseni, na mwezi Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku kwa muda baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Tanzania na Uganda pia, kukutwa na reli usiyoweza kueleza ilikotoka ni kesi. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, chukua risiti inayotaja kipande chenyewe, na kama muuzaji hataki kuandika risiti, ondoka.

Ukipata halali, isimamishe wima. Reli ya ratili 80 kwa yadi, iliyotumika sana kwenye njia za zamani zenye upana wa mita moja, ina karibu kilo 40 kwa mita. Kichwa chake kina upana wa milimita 63 hivi, lakini kiuno ni kama milimita 13 tu. Ukiilaza, pigo lote linapita kwenye hicho kiuno chembamba, nacho kinacheza kama springi. Ukiisimamisha, kila pigo linashuka kwenye urefu mzima. Uso utakaofulia ni mdogo, kama milimita 63 kwa 40, lakini uso wa nyundo yako wenyewe ni milimita 40, kwa hiyo unatosha. Zaidi ya hapo, ukingo mmoja wa kitako cha reli, ile sehemu pana inayokaa chini njiani, unaweza kunolewa kuwa patasi ya kukatia chuma cha moto, na ule mwingine ukaviringishwa uwe wa kuvutia chuma kirefuke. Kata sentimita 70 hivi, ambayo ni karibu kilo 28. Hatua za sanduku hapa chini ni zilezile, ila kitu cha kuwekea chini kinakuwa kifupi zaidi. Na usikomaze reli kwa maji: kaboni yake ni nyingi na hupasuka.

Kukata na kusawazisha

Njia bora ni kumpelekea fundi mwenye msumeno wa mashine, kisha mwenye mashine ya kukereza asawazishe ncha zote mbili. Ncha ya chini ni muhimu kama ya juu, kwa sababu shafti iliyokatwa mshazari itakaa juu ya ukingo mmoja na itacheza milele.

Ukitumia gesi, kata ukiacha milimita 10 za ziada, kwa kuwa sehemu iliyoungua inakuwa na tabaka gumu lenye nyufa ndogondogo. Hizo milimita 10 zisage zote hadi ufikie chuma kizima. Ukitumia grinda ya diski ya milimita 230, chora mstari kuzunguka shafti yote kwa kufunga karatasi ngumu iliyonyooka, kisha kata kidogokidogo ukizungusha shafti. Ukizama upande mmoja moja kwa moja, diski itabanwa na kuvunjika. Hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye diski haiko chini ya ile ya grinda, na kinga ya diski ibaki mahali pake. Miwani na kinga ya masikio si hiari hapa.

Uso wa mviringo hauna ukingo ulionyooka, na mhunzi anauhitaji kwa kukunja na kutengeneza mabega, yaani pale unene wa chuma unaposhuka ghafla. Kwa shafti ya sentimita 12, saga ubavu kwa kina cha milimita 8, ukishuka sentimita 5 kutoka juu. Utapata ukingo ulionyooka wa sentimita 6. Fanya hivyo pande mbili zinazotazamana. Ukitaka ukingo wa sentimita 8, kina kinakuwa milimita 15, nasi hatushauri kupita hapo.

Sasa kingo zenyewe. Usiziache kali. Ukingo mkali hukata chuma cha moto na kuacha mkunjo ambao baadaye unakuwa ufa, na wenyewe humeguka nyundo ikiukosea. Upande mmoja uviringishe kwa nusu kipenyo cha milimita 2, upande wa pili kwa milimita 5 au 6, na ukingo mwingine wote milimita 3 hivi. Pima uso kwa rula ya chuma iliyosimamishwa na taa nyuma yake: mwanga ukipenya chini ya rula, paka chaki, telezesha rula, saga pale chaki ilipofutika. Usijitese kutafuta ukamilifu. Bonde la nusu milimita katikati halimzuii mtu kufua, bali humsaidia kunyoosha, kwa sababu chuma baridi kinahitaji kupinda kidogo kupita mstari ili kirudi kimenyooka.

Kukomaza uso

Hatua hii si ya lazima. Chuma cha moto chenye rangi ya chungwa ni laini sana kuliko shafti yoyote, kwa hiyo kinachoharibu uso ni nyundo iliyokosea na chuma kilichopoa ukiendelea kukipiga. Anayejifunza anaweza kutumia uso ambao haujakomazwa mwaka mzima, kisha akausawazisha tena kwa grinda. Ila kama cheche zilionyesha kaboni ya wastani, na una msaidizi na maji ya kutosha, uso uliokomazwa unaleta tofauti kubwa. Kichwa cha nyundo nzito ya mawe, ukiamua kutumia hicho kama fuawe ndogo ya visu, kimeshakomazwa kiwandani; usikitie motoni.

Andaa yafuatayo kabla ya kuwasha moto: pipa la lita 200 lililojaa maji na kuinuliwa kiasi cha mita moja juu ya mahali pa kukomazia, likiwa na bomba la inchi 2 na koki chini yake, nusu pipa la moto lenye feni ya kupulizia na mkaa wa kutosha, gunia zima au zaidi, mnyororo na kamba ya kuinulia juu ya nguzo tatu, kwa kuwa utanyanyua kilo 53 za chuma chekundu, na brashi ya waya na kipande cha jiwe la kunolea.

Simamisha shafti kichwa chini ndani ya mkaa, sentimita 10 tu za juu zikiwa motoni. Pasha polepole. Ukipuliza kwa nguvu tangu mwanzo, kingo zitaungua wakati moyo bado mweusi. Itachukua zaidi ya saa moja. Jaribu sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu: karibu nyuzi 770 sumaku huacha kushika. Kutoka hapo ongeza kidogo, hadi nyekundu ianze kuelekea chungwa, na uishikilie dakika 15 hadi 20 ili joto liingie ndani.

Itoe, igeuze uso ukitazama juu, iweke chini ya bomba na ufungue koki yote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaitumbukiza kichwa chini kwenye pipa, mvuke unajikusanya chini ya uso, maji hayagusi chuma, na katikati panabaki laini huku kingo zikiwa ngumu. Maji yanayoanguka kwa nguvu katikati ya uso huuvunja mvuke huo. Simama kando, kwa sababu maji ya moto yataruka pande zote.

Mwili wa shafti chini bado una joto jingi, na joto hilo ndilo litakalolegeza uso, yaani kuupunguzia wepesi wa kuvunjika. Uso ukiacha kuchemsha maji, funga koki, sugua haraka kwa jiwe mpaka chuma king'ae, na tazama. Rangi itapanda taratibu kutoka mwilini: njano hafifu, kisha njano ya nyasi kavu, kisha kahawia, kisha buluu. Njano ya nyasi kavu, karibu nyuzi 220, ikifika kwenye uso, fungua koki tena. Ikifika buluu umelegeza kupita kiasi, ingawa bado ni bora kuliko ulivyoanza. Rangi ikikimbia mbele ya macho yako, mwagia kidogo, acha, mwagia kidogo. Usiache kabisa hatua hii: uso uliokomazwa bila kulegezwa huweza kupasuka usiku ukiwa umekaa peke yake, au kurusha kigae usoni mwa mtu.

Kuanzia hapo, kila unaposaga uso, tone la maji lililowekwa juu yake lisichemke. Likichemka, pumzisha grinda.

Ukiwa na mabamba tu

Si kila yadi ina shafti. Mabamba ya milimita 25 yanapatikana zaidi, na kosa linalorudiwa kila mahali ni kuyapanga kama chapati na kuyachomelea kingoni. Katikati kunabaki nafasi nyembamba ya hewa kati ya kila tabaka. Ukigonga unasikia sauti ya debe na nyundo hairudi. Kosa hilohilo ni la bamba gumu linalochomelewa kuzunguka juu ya mwili laini, na la jani la springi ya lori, ambalo zaidi ya hapo hupasuka kando ya mstari wa kuchomelea.

Yasimamishe mabamba. Vipande vitano vya milimita 25, kila kimoja upana wa sentimita 12.5 na urefu wa 30, vikibanwa ubavu kwa ubavu, vinatoa nguzo ya sentimita 12.5 kwa 12.5 yenye kilo 36 hadi 37. Kila bamba sasa linatoka usoni hadi kitakoni bila kukatika. Kabla ya kuyabana, saga kingo za juu za kila kipande ili zikikutana zitengeneze mfereji wa umbo la V wenye kina cha milimita 10. Jaza mifereji hiyo kwa vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 vilivyokaushwa, tabaka juu ya tabaka, ukigonga taka baada ya kila mstari. Fanya vivyo hivyo chini, kisha chomelea mbavu. Mabamba ya chuma laini hayahitaji kupashwa. Ukichanganya na chuma chenye kaboni, pasha hadi nyuzi 200 hivi kabla ya kuchomelea, kisha funika kwa majivu makavu ipoe usiku kucha. Bamba lililopakwa zinki lisagwe hadi liwe tupu kwanza, maana moshi wa zinki huleta homa.

Sanduku na kimo

Simama wima na viatu vya kazi, legeza mkono, kunja ngumi. Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 72 na 80. Fuawe ndefu mno humfanya mtu apige kwa kiwiko na kuumia bega. Fupi mno humuumiza kiuno.

Tuchukue kimo cha sentimita 76. Tengeneza sanduku la mbao za unene wa sentimita 5, ndani likiwa 45 kwa 45 na kina cha sentimita 55, likifungwa kwa ubapa wa chuma na bolti juu na chini, kwa kuwa misumari peke yake itaachia. Ndani weka kipande cha gogo gumu chenye kimo cha sentimita 15, nyuzi za mti zikisimama wima, juu yake bamba la milimita 12 lenye ukubwa wa sentimita 20 kwa 20. Bamba hilo usilisahau, maana bila hilo shafti itajipigilia ndani ya gogo. Simamisha shafti juu ya bamba, hakikisha kwa pimamaji kuwa uso uko sawa, kisha jaza mchanga wenye unyevu kidogo kwa tabaka za sentimita 10, ukishindilia kila tabaka kwa kipande cha mti. Utabakiwa na sentimita 21 za shafti juu ya sanduku na karibu kilo 150 za mchanga zinazoishikilia na kumeza mlio. Zege halifai hapa: hupasuka kwa mapigo, na huwezi kubadili kimo.

Mchanga huo unakupa pia nafasi ya vifaa vingine. Badala ya kuchomelea pembe kwenye fuawe, chonga fimbo ya chuma ya milimita 40 iwe na ncha ya mshazari, ikunje, na uizamishe kwenye kona moja ya sanduku. Kwenye kona nyingine zamisha bomba la mraba lenye kuta nene, likisimama juu ya kipande cha mbao, la kupokelea patasi na vifaa vya kukunjia. Hakuna kinachodhoofisha uso wako.

Wiki mbili za kwanza mchanga utashuka, hivyo ongeza na ushindilie tena, na angalia pimamaji. Kisha pitisha kidole kingoni kila Jumamosi. Ukihisi mdomo wa chuma unaoanza kutanuka nje, usage siku hiyohiyo kabla haujawa mrefu, kwa kuwa vipande vinavyomeguka hapo ndivyo vinavyoingia machoni. Na usiupige uso mtupu kwa nyundo kwa ajili ya kusikia mlio. Uliokomazwa huacha alama kwenye nyundo, na usiokomazwa huacha alama kwenye fuawe, nayo itahamia kwenye kila kisu utakachofua juu yake.